Aliyepigwa Ndiye Husema

Nilimpenda Twalib kabla sijauona uso wake. Alikuwa ndani ya kofia ya chuma, amelala chali kwenye nyasi kavu, amekufa. Mkono mmoja ulikuwa kifuani, na mguu wa kulia ulikuwa ukichezacheza kama wa mtu anayesikiliza muziki peke yake. Nilisimama na mfuko wangu wa makoti, nikamtazama maiti anayetikisa mguu, nikacheka. Mimi, ambaye nilikuwa naficha meno hata mbele ya kioo.

"Nani anacheka msibani?" sauti ikauliza kutoka ndani ya chuma.

Aliuliza kwa Kiswahili, akidhani hakuna wa kumwelewa. Pale uwanjani walikuwa Wazungu watupu, wamevaa kama watu wa miaka mia saba iliyopita.

"Pole na msiba," nikamjibu.

Mguu ukaacha kucheza. Kofia ikageuka taratibu, na ndani ya tundu la macho nikaona jicho moja jeusi linanitazama. Hadi leo, Julai ikifika na nyasi za Johannesburg zikigeuka rangi ya mkate uliokauka, jicho lile hunirudia. Wakati mwingine niko kwenye cherehani, wakati mwingine nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, nangoja kuvuka, na ghafla linanitazama.

Nilikuwa nimekwenda kupeleka kazi. Wakati ule nilishona na Ruphin, fundi wa Lubumbashi, katika chumba cha mbele cha nyumba moja ya zamani Bellevue. Kila chumba cha nyumba ile kilikuwa na familia yake, na harufu zote za chakula zilikutana kwetu. Wale watu wa uwanjani walituagiza makoti mazito yaliyojazwa pamba, ya kuvaa chini ya chuma. Kila Jumamosi walikusanyika kwenye uwanja wa zamani wa skauti kule Kensington, wakaitana Baroni na Bibi na Bwana Mkubwa, wakapigana kwa fimbo za henzerani walizozizungushia utepe wa gundi. Henzerani ndiyo ilikuwa upanga. Ruphin aliogopa kwenda. Alisema mtu mzima anayepigwa fimbo kwa kupenda kwake ana jambo linamsumbua, na yeye hataki kulijua. Basi nikawa naenda mimi, ingawa Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabia vifungo tu. Shule niliiacha Tanga nikiwa darasa la tano, na tangu hapo nilijifunza kunyamaza vizuri kuliko kusema.

Siku ile Twalib alipofufuka alinifuata kwenye uzio na vikombe viwili vya chai. Alikuwa kijana wa Wete, Pemba. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mabati ya magari yaliyogongana. Wale watu walimjua walipompelekea kofia zao zilizobonyea, na alipozinyoosha wakamwambia avae moja ajaribu.

"Refa yuko wapi?" nikamuuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza kwa mwanaume nisiyemjua.

"Hakuna refa. Aliyepigwa ndiye husema. Anainua mkono, anaanguka."

"Na asiposema?"

Akapuliza chai yake. "Basi hajapigwa."

"Lakini kila mtu kaona."

"Kuona na kuhisi ni mbali, dada. Chini ya chuma na pamba anayejua ni mwenyewe. Hakuna wa kumsemea." Akatabasamu. "Utotoni Wete tulicheza hivi hivi, kwa mapanga ya makuti. Ukipigwa unaanguka bila kuambiwa. Tena tulikuwa tunagombea kuanguka, kwa sababu kuanguka ndiko kulikokuwa kutamu. Siku ya kwanza kuwaona hawa nikasema, loo, kumbe kuna wakubwa ambao hawakuacha."

Nadhani hapo ndipo nilipopigwa mimi. Sikuinua mkono.

Jumamosi zikafuatana. Nilianza kushona makoti polepole ili nipeleke moja moja, Ruphin akaona.

"Dada Tabia," akasema bila kuinua macho kwenye cherehani, "hii koti unashona mwezi mzima, ni ya tembo?"

"Pamba imekuwa ngumu."

"Eh. Pamba. Na ile wanja mu macho, ni ya pamba pia?"

Uwanjani mambo hayakuwa matamu kama ya Wete. Mkubwa wao waliyemwita Baroni jina lake halisi lilikuwa Deon, na siku za kazi aliuza bima. Alikuwa mtu mkarimu kama mkononi mwake hakuna henzerani. Akiishika tu, mwili wake ulikufa ganzi. Twalib alimpiga begani, kishindo kikasikika hadi kwenye uzio, naye Baroni aliendelea kupigana kana kwamba inzi ametua juu yake. Wakubwa wenzake wakawa wanamwiga. Wageni na vijana ndio walioanguka.

"Baroni hafi," Twalib aliniambia huku akivua glavu. "Nimemuua tangu Machi. Eish, nimechoka kumuua."

Tena walimpa nafasi ya kuwa adui. Wakija watazamaji, ilibidi Twalib avae kilemba na kushika upanga wa kupinda, awe mtu wa jangwani, kisha afe kabla ya chai.

"Miye jangwa sijapata kuliona," alisema. "Wete kwetu ni mvua, mikarafuu na tope. Nimemwambia Baroni, nipange upande wenu hata siku moja, nishinde kama naweza. Kakubali. Ila nivae sare yao."

Sare yao ilikuwa koti jeupe la pamba, la kuvaa juu ya chuma, lenye msalaba mwekundu kifuani. Nililishona mimi. Nilikaa nalo siku mbili bila kugusa kile kitambaa chekundu, nikiwaza mjomba ninayeishi kwake akiniona nashona msalaba, sisi Waislamu, atasemaje. Kisha nikawaza Mashindano ya Taji. Mwisho wa Julai mshindi alipewa taji la maua, akamvika mwanamke anayemtaka mbele ya wote, na mwanamke huyo akakalia kiti kikubwa mpaka jua lizame. Nikashona. Nilishona kwa mkono, mishono midogo ya karibu karibu, ili msalaba usije ukang'oka.

Twalib alipokuja kulichukua alisimama mlangoni akazungusha kofia yake ya sufu mikononi.

"Tabia. Naweza kuja kwa wazee wako?"

Nilitazama sindano. Maneno yalifika kooni yakakaa pale kama wageni waliokuta mlango umefungwa. Ruphin aliacha kukanyaga cherehani ili asikie.

"Sijaelewa," Twalib akasema kwa upole. "Ndiyo au siyo?"

Nikanyamaza.

"Sharp, sawa," akasema. "Nitangoja useme."

Akaondoka na koti kwapani. Ruphin akatikisa kichwa. "We dada, Mungu alikupa mulomo ya kunywa chai tu?"

Haikupita wiki, mjomba wangu Abdulrahman akaniita sebuleni. Yeye ndiye aliyenitoa Tanga baada ya mama kufariki, akanilea na watoto wake, na sijapata kulala njaa kwake hata siku moja. Alikuwa amevaa kanzu, na mkewe Bi Fauzia alikuwa amesimama mlango wa jikoni anafuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Mwanangu," mjomba akasema, "Mansour wa mazulia kule Fordsburg kaleta posa. Ni mtu wa swala, hana maneno. Sikulazimishi. Nakuuliza wewe mwenyewe, wasema nini?"

Mansour nilimjua. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonifunga zaidi, maana sikuwa na kasoro ya kutaja. Nilitazama maua ya zulia. Nilitaka kusema, mjomba, kuna mtu. Nikasikia saa ya ukutani, nikasikia mtoto wa jirani akiimba Kizulu, sauti yangu sikuisikia.

"Alhamdulillahi," mjomba akasema. "Kunyamaza kwa mwali ndiyo kukubali kwake."

Bi Fauzia akapiga kigelegele. Na mimi nikashika vidole vyangu nikavihesabu, kama vile mtu anayeanguka anavyotafuta kitu cha kushika.

Kwetu ndivyo ilivyo. Binti wa haya hasemi ndiyo, hunyamaza, na wazee hufurahi. Mjomba hakunidhulumu. Alifanya kama alivyofanyiwa mama yangu, na bibi yangu kabla yake. Hakuna aliyemwambia kwamba mimi hunyamaza kwa kila kitu.

Ndoa ikapangwa Ijumaa inayofuata baada ya swala. Jumamosi kabla yake mjomba alikuwa aende Fordsburg kutoa neno la mwisho, na siku hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ya Taji. Nilikuwa na makoti mawili ya kupeleka.

"Twende nikupitishe," mjomba akasema. "Uwapelekee hao Wazungu vitu vyao, kisha mimi niendelee na safari yangu."

Ndani ya gari nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza mjomba alikuwa anapiga honi. Mara ya pili nilisema, "Mjomba," akasema, "Naam," nikasema, "Kuna baridi." Akanifungulia hita.

Uwanja ulikuwa umejaa bendera. Moshi wa kuni ulipanda moja kwa moja, hapakuwa na upepo. Mjomba alishuka kunyoosha miguu, akasimama kwenye uzio na koti lake la sufu, mikono nyuma.

"Hawa wana nini?" akauliza.

"Wanacheza, mjomba."

"Na wake zao wanajua?"

Nilimwona Twalib mara moja, hata ndani ya chuma. Alikuwa na namna ya kuinamisha bega la kushoto kabla ya kupiga. Alikuwa kwenye pambano la mwisho, na mbele yake alisimama Baroni. Msalaba wangu ulikuwa kifuani kwake, mwekundu kama nilivyouacha.

Twalib alimpiga Baroni ubavuni. Kishindo kile kilimfanya mjomba ashtuke. Baroni hakuinua mkono. Akampiga tena juu ya kofia, chuma kikalia kama sufuria iliyoanguka sakafuni, na watu kwenye uzio wakaguna. Baroni alirudi nyuma hatua moja, akapepesuka, akanyanyua ngao yake.

"Huyu mzee haoni aibu," mjomba akasema. "Kapigwa huyo."

"Hajasema, mjomba."

"Kwa nini asubiriwe aseme?"

Wakati huohuo henzerani ya Baroni ilipita chini ya ngao ya Twalib, ikamgusa pajani. Ilikuwa kama mtu anayepangusa vumbi. Hakuna aliyesikia kitu. Twalib angeweza kuendelea, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Akasimama. Akainua mkono. Akaanguka kwenye nyasi.

Watu wakampigia makofi Baroni, naye akaenda kumvika taji mkewe. Twalib alilala pale na safari hii mguu wake haukucheza. Kisha akainuka, akavua kofia ya chuma, akaenda kuweka henzerani yake kwenye meza ya Baroni, taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Wakaambiana maneno machache. Baroni akamshika bega, Twalib akatikisa kichwa. Alipogeuka akaniona, na akaja moja kwa moja, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

Hakujua mzee aliye kando yangu ni nani.

"Nimeacha, Tabia," akasema. "Nilitaka taji lile leo, nawe wajua la nani. Basi. Kama mtu hajui kuanguka, sina cha kucheza naye."

Mjomba akakohoa. Twalib akamtazama, akanitazama mimi, akaelewa.

"Shikamoo mzee. Assalamu alaikum."

"Waalaikumu salamu." Macho ya mjomba yalikuwa yametua kifuani kwake na hayakutoka. "Wewe ni nani?"

"Twalib Saidi, mzee. Wa Wete."

"Wa Wete. Na hicho ulichovaa?"

Twalib akajitazama kana kwamba ndiyo kwanza anauona msalaba. "Ni sare ya timu, mzee. Kama jezi tu."

"Jezi." Mjomba alilitamka neno lile kama mtu anayetema kokwa. "Nani kakushonea?"

Twalib hakunitazama.

"Nimenunua dukani," akasema.

Mtu ambaye muda mfupi uliopita alianguka kwa kuguswa tu, kwa sababu alipigwa na alijua amepigwa, ndiye aliyesimama pale akasema uongo kwa ajili yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyeushona."

Mjomba akanigeukia. Sijui kama aliudhika zaidi kwa msalaba au kwa kusikia sauti yangu.

"Ingia garini," akasema. Kisha kwa Twalib, kwa heshima baridi, "Kijana, sijui mnajuana vipi. Huyu binti anaolewa Ijumaa. Kaposwa na mtu wa maana, na mwenyewe kakubali."

Sura ya Twalib ilibadilika polepole, kuanzia machoni. "Kakubali?"

"Nilimuuliza mwenyewe, akanyamaza. Kama mabinti wenye adabu."

Twalib akafuta jasho kwa kiganja. Nilidhani ataondoka. Aliinamisha bega lile la kushoto.

"Mzee, unisamehe," akasema. "Na mie nilimuuliza kama nije kwako. Alininyamazia vilevile, tena kabla yako. Kama kunyamaza ni ndiyo, basi alinikubali mie kwanza."

Wote wawili wakanitazama. Nyuma yao watu walikuwa wanacheka na kupiga picha, na mke wa Baroni alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa na taji lake. Hakuna hata mmoja ambaye angeweza kunisemea. Twalib hangeweza, kwa sababu alikuwa ameahidi kungoja. Mjomba hangeweza, kwa sababu alikuwa amekwisha kunisemea na akakosea. Aliyekuwa chini ya pamba ile yote ni mimi.

"Mjomba, sikukubali," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Nilishindwa kusema tu. Bwana Mansour ni mtu mwema na wewe umenilea. Lakini sikukubali."

"Na huyu?"

Mkono wangu ukapanda wenyewe, kama nilivyoona wapiganaji wakifanya Jumamosi zote zile. Nikaketi palepale nyasini na gauni langu zuri.

"Mbona wakaa chini? Nimekuuliza swali."

"Namtaka, mjomba," nikasema. "Tangu siku ya kwanza."

Sikuthubutu kumtazama Twalib. Nilimsikia tu akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyevuliwa kofia ya chuma.

Mjomba alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Alizeeka kidogo mbele yangu, na hilo liliniuma.

"Mama yako angesema mapema," akanong'ona. "Sasa Fordsburg nikaseme nini mimi? Watu wamekwisha kununua mchele."

Akamgeukia Twalib.

"Kijana, kazi yako?"

"Nanyoosha mabati ya magari, mzee."

"Yule Mzungu ulimpiga. Hata mimi nimesikia kutoka huku."

"Hakusema, mzee."

"Na wewe ulivyoguswa pale, ilikuwa kitu kidogo sana. Mbona ukaanguka?"

"Ilinipata," Twalib akasema.

Mjomba alimtazama muda mrefu, jinsi anavyotazama kitambaa kabla ya kukinunua, anapokigeuza aone upande wa ndani. Kisha akatoa ufunguo wa gari mfukoni.

"Nakwenda Fordsburg kuaibika," akasema. "Sijasema ndiyo, msije mkanihesabia. Wewe Tabia, fumua hicho kitu. Nikirudi nisikikute kifuani kwake. Akitaka kuja nyumbani, aje kama watu, na wazee wake."

Gari likaondoka. Twalib akavua koti, tukaketi kando ya uzio, kila mtu na upande wake wa kitambaa. Yeye alilivuta likakaza, mimi nikakata nyuzi kwa mkasi mdogo, na zilizokataa nikazikata kwa meno.

"Kwa nini ulishona karibu karibu hivi?" akauliza.

"Nilitaka ushinde."

Akacheka, na mimi nikacheka bila kuficha meno. Vidole vyetu havikugusana hata mara moja. Kitambaa kilikuwa kati yetu, na kupitia kitambaa kile nilihisi kila alipovuta pumzi. Moshi wa kuni ulitupitia. Jua la Julai lilikuwa linashuka nyuma ya nyumba za Kensington, na mjomba alichelewa kurudi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutaka mtu aje kunichukua.

Koti lile lingali nyumbani kwetu, mimi na Twalib, juu ya kiti changu cha cherehani, maana pamba yake ni nene na mgongo unapata raha. Kitambaa chekundu kilitoka chote siku ile. Lakini asubuhi, jua likiingia dirishani, matundu ya sindano huonekana moja baada ya jingine, na ukitazama vizuri msalaba mzima uko palepale.

Mjomba akija kutusalimu, naligeuza upande wa pili.